Bushi Isiyotaka Mafuta

Tandika, Temeke

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje, na mama na miguu yake? Mie mzima, ila nilikaribia kufukuzwa kazi.

Mama Zuhura, mwenye mashine ya kusaga ninakofanya kazi, alinunua mota mpya, maana siku hizi wafanyabiashara wanaleta kila kitu. Puli yake, lile gurudumu la kuzungusha mkanda, haikazwi kwa kabari na nyundo kama ya kwetu. Inashikwa na bushi, kipande cha chuma cha mviringo kilichopasuliwa upande mmoja, kwa nje chembamba huku na kinene kule. Nikaifunga mwenyewe, nikaipaka mafuta kwanza, kama tunavyopaka kila chuma huko nyumbani. Siku ya pili puli ikateleza kwenye shafti, ule mhimili wa mota, mkanda ukachomoka, akina mama wakabaki foleni na madebe yao ya mahindi. Mama Zuhura akasema ikifika Ijumaa mashine haijatengemaa, nitafute pengine.

Akaitwa Dada Rehema, fundi aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Nilishika nyundo ning'oe puli, akaninyang'anya. Akatoa skrubu mbili za bushi, moja akaikazia kwenye tundu la tatu lililokuwa tupu, na bushi ikajisukuma nje yenyewe. Baba, nilibaki mdomo wazi. Akafuta mafuta yote kwa kitambaa mpaka pakawa pakavu, huku akinieleza kuwa skrubu zinaivuta bushi ndani ya puli, ule mpasuko unajibana, na bushi inaing'ang'ania shafti; ikiwa na mafuta inateleza. Akakaza huku kidogo, kule kidogo. Sijapata kuona mikono iliyotulia namna ile, na ninamhusudu.

Mama Zuhura akauliza kosa lilikuwa nini. Rehema akanitazama tu. Ningeweza kuisingizia mota.

"Ni mie," nikasema. "Nilipaka mafuta."

Mama Zuhura akamwambia Rehema afungue yote, nifunge mie. Nikafunga pakavu, huku kidogo, kule kidogo. Ni wiki ya pili tunasaga, puli haijasogea hata kidogo.

Nisalimie kaka mkubwa hapo shambani, na shangazi anayekupikia uji. Mdogo wetu wa mwisho asitoroke shule. Mama mwambie aache kushinda na njaa akifunga kwa ajili ya kazi yangu. Funguo za banda la mashine zilikuwa hazitoki kiunoni mwa Mama Zuhura; tangu juzi ninalala nazo mie.

Mwanao akupendaye,
Simoni