Chafya Iliyokosa Njia

Ukiliokota daftari hili, tafadhali lifunge. Neno lolote lisimfikie mama yangu.

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima majani ya chai tangu asubuhi. Akili haipo. Wachumaji wa shamba la Sosiot wananicheka: "Karani, mtoto bado hana jina? Ama mnangoja serikali iwape?"

Jumamosi Mama alimwitia mtoto majina ya wazee waliokufa, moja moja. Desturi yetu: jina litakaloitwa mtoto akapiga chafya, hilo ndilo lake. Hakupiga. Mama akamtia ugoro puani. Mtoto akageuka bluu. Chebet, mke wangu, akamnyakua. Alipolia, rangi ikarudi.

Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali, Kericho. Daktari amepitisha mrija mwembamba puani. Umekwama. Mtoto amezaliwa hivyo. Nyuma ya pua, kulia kumezibwa na mfupa. Kushoto kuna katundu. Hako ndiko kalikomfikisha hadi leo. Mtoto mchanga hupumua kwa pua, mdomo ni wa kulilia tu. Atapasuliwa Ijumaa. Ugoro usirudiwe. Utamuua.

Alhamisi, 6 Machi
Mama amekuja. Hataki apasuliwe.

"Wazee hawajamkubali, na wewe unampeleka kwa kisu? Akifia huko tutamlilia kwa jina gani?"

Ana ugoro kwenye leso. Aliniambia nimtoe mtoto nje ajaribu mara moja tu. Sijawahi kumkatalia Mama. Nikambeba. Nilifika mlangoni, nikasikia anavyokoroma kifuani mwangu. Nikarudi.

Nikamwambia, "Mama, wazee hawajakataa. Chafya haina pa kupitia. Wataitwa tena pua ikifunguliwa."

"Na wasipoitika?"

Nilimrudishia Chebet mtoto.

Ijumaa, 7 Machi
Wameingia naye. Watatoboa mfupa kupitia puani, waache vijirija ili njia isijifunge tena.

Mama alikaa kwenye benchi, midomo ikicheza. Nilisogea. Alikuwa anawaita wazee. Hakuwa akitafuta jina. Aliwaita wote, bila kungoja, wakae na mtoto mle ndani.

Ametoka hai.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Mama ameenda nyumbani kukamua ng'ombe.

Mtoto amenyonya hadi akashiba, bila kuachia titi ili avute pumzi. Sasa amelala, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua. Nimekuwa nikiutazama huo mdomo tu.

Anayenihitaji: niko wodi ya watoto, kitanda cha dirishani. Usipige simu, utamwamsha. Njoo polepole, simama mlangoni. Nitakuona.