Mashini Inayohama Kama Wewe, Maman

Maman,

Cherehani zako hazikuuzwa. Ninaanza na hilo kwa sababu ungenikatiza kama ningeanza na salamu. Zote mbili ziko palepale dukani Kamembe, Maman Zawadi anashona kwenye ile nyeusi, Clarisse kwenye ile ambayo kanyagio lake linalia, na leo asubuhi wamegombania mkasi kama kawaida yao. Kwa hiyo tulia.

Ngoja nikueleze ilivyokwenda. Tulipomaliza matanga yako, Tonton Déo, mdogo wako yuleyule, alikaa kwenye kiti chako bila kuulizwa, akasema bila wewe sokoni hakuna biashara. Eti zile mbeleko za kitenge watu walikuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya mbeleko. Mnunuzi wa cherehani alikuwa amempata tayari. Clarisse akaanza kusema atarudi kijijini Gashonga kulima mashamba ya watu. Maman Zawadi aliendelea kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Hapo nikasema, nipeni mpaka Noeli, mbeleko nitaziuza mtandaoni. Tonton alicheka, lakini akakubali. Unaujua ule mcheko wake wa puani.

Nikaingia kwenye hilo soko la mtandaoni. Ni soko kweli, Maman, usilidharau. Wauzaji wamejaa na kila mmoja anataka kukaa mlangoni. Mnunuzi akitafuta mbeleko, kuna nafasi ya juu kabisa, anayoiona kwanza. Kuna nyingine chini ya bidhaa za wengine, pale anapolinganisha. Kuna nyingine tena za pembeni. Ili tangazo lako likae hapo unataja dau, na mwenye dau kubwa ndiye anayeonekana. Kila muntu akiligusa tangazo unakatwa hela, anunue asinunue.

Mwanzoni nilikuwa napandisha na kushusha madau kwa mkono. Napika maharage, simu mkononi. Niko misani, simu ndani ya kitabu cha nyimbo, Mungu anisamehe na wewe pia. Maharage yaliungua na madau bado yalinichelewea. Basi nikakaa na ordinateri yangu, kompyuta ile uliyoiita "kasanduku ya Furaha" na kuniuliza lini itajifunza kuosha sahani, nikaandika programu ya kufanya kazi hiyo badala yangu. Sahani bado, Maman.

Hiyo programu ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Iliangalia nafasi gani inaguswa sana, ikaipandishia dau. Nafasi ya juu ikaguswa na kila mpita njia, hela zikaliwa, mbeleko zikabaki zimekunjwa. Na nafasi iliyokaa siku chache bila kuuza, iliifunga moja kwa moja na kuisahau. Tonton akaanza kupita dukani, anasalimia huku anazipima cherehani kwa macho. Nilimchukia wiki ile, nakuambia ukweli.

Ndipo nikakumbuka miguu yako. Asubuhi ulikuwa unatandika kwenye mlango wa soko, kwa sababu bamama wa Bukavu wanavuka mpaka mapema na wanajua wanachokitaka. Jua likipanda unahamia nyuma, upande wa mitumba, na wenzako wanakucheka kwamba Maman Furaha hatulii. Nawe unawajibu, "Kwa mlango banashika tu. Mwenye anafika uku nyuma, uyo anatafuta." Halafu hukuhama na vyote hata siku moja. Kitenge kimoja kilibaki kimetundikwa pale ulipotoka, jirani yako Mama Salima akikiangalia. Mimi na mzigo kichwani, shingo inauma, nikakuuliza kwa nini tusibebe vyote tukamaliza. "Usihame na byote, mwana. Acha kimoja. Siku ile fasi inakutaka tena, itakuambia."

Nikaiandika upya. Sasa kila asubuhi programu inaiuliza kila nafasi imeuza nini kwa hela ilizokula, habari za kuguswa haizitaki. Iliyouza inaongezewa dau kidogo. Iliyokula bure inapunguziwa, kidogo vilevile, kwa sababu wewe ulikuwa unahama, hukuwa unakimbia. Na hakuna nafasi inayofungwa kabisa, hata iwe mbaya namna gani inaachiwa dau dogo. Huo mstari kwenye programu nimeupa jina: kitenge cha Maman.

Nafasi ya chini, ile iliyokuwa imefungwa, ikaanza kuuza. Mama aliyefika kule ameshaona mbeleko za wengine, amechoka nazo, na akiona ule mshono wako wa mara mbili begani anasimama. Wakaagiza wa Kigali. Wakaagiza ndugu zetu walioko Ubelgiji, huko ambako batoto banasukumwa kwenye vigari, maskini. Noeli ilipokaribia, nafasi moja ya pembeni iliyokuwa imelala na kadau kake iliuza, ikauza tena, na programu ikaipandisha yenyewe. Mimi nilikuwa kwa msusi. Nilipoona kwenye simu nikalia, msusi akafikiri amenivuta nywele, akaniomba radhi mpaka mwisho.

Tonton alikuja wiki ya Noeli kama tulivyopatana. Hakupata pa kukaa, kiti chako kilikuwa kimejaa vifurushi. Alisimama, akatazama, akakohoa. Kisha akabeba magunia mawili begani mpaka kwenye gari ya Kigali, na hakuna aliyemtuma. Siku hizi anawaambia watu, "Sisi tuko na mashini inahama yenyewe." Sisi, Maman. Nimemwachia.

Najivuna. Nalisema wazi, kwa sababu wewe hukupenda muntu anayejidai hajui kwamba amefanya vizuri. Nikiulizwa nani alinifundisha, nataja jina lako, na nalitaja polepole walisikie.

Jambo moja sijamwambia yeyote. Fasi yako kwenye mlango wa soko sijairudisha kwa wenye soko, kodi yake bado nalipa. Tonton atasema ni hasara, na programu yangu ingesema hivyohivyo. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka napita kutundika kitenge kimoja, Mama Salima anakiangalia, jioni nakichukua. Hakinunuliwi. Bamama wa Bukavu wanasimama, wanakishika, wanauliza uko wapi. Mama Salima ndiye anayewajibu, mimi bado siwezi.

Dau la pale halitafika sifuri nikiwa hai. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Pumzika, Maman. Nimehama, lakini kimoja nimekiacha.

Furaha wako