Mwizi Ameingia kwa Jina la Baba Mkwe

Bi Mwantum, shikamoo, mimi ni msikilizaji wa kipindi chako redioni, niko Lufingo, sijawahi kukuandikia ila sasa nimebanwa, naomba unishauri kabla ya Jumamosi. Nimeolewa, nyumba yetu iko uwani kwa wakwe, mume wangu Lusungu yuko kazini Mbeya, na mimi na wenzangu wa Mbeya, Arusha na Kisumu tunatengeneza programu huria, yaani ya bure ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, inayotumiwa na vituo vya kukusanyia maziwa, na kazi yetu yote iko kwenye seva moja ambayo kila mtu anaingia kwa akaunti yake. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa hesabu na yumo kwenye kundi letu, alijiunga kabla yangu, na ni hodari kweli. Sasa Bi Mwantum, kwetu mke hamkaribii baba mkwe, hatusalimiani, hatukutani njiani, nikisikia kikohozi chake napita nyuma ya migomba, na jina lake silitamki, ila kwenye kompyuta tumefanya kazi pamoja muda mrefu bila shida kwa sababu pale hatuonani uso.

Juzi asubuhi nimeona akaunti yake imeingia kwenye seva na kupachika kitu cha kuchota namba za simu na ujumbe wa wafugaji, na saa hiyohiyo yeye alikuwa zizini anakamua ng'ombe, najua kwa sababu nilikuwa nimejibanza jikoni nikisubiri amalize ili nipite kwenda bombani. Hivyo si yeye, ni mdukuzi. Mama mkwe anasema mzee alipata barua pepe ya watu wanaojiita wasimamizi wa seva, wakimwomba nywila yake eti wamhakiki, na yeye akawajibu vizuri tu, akawasalimia, akawauliza na habari za familia, akawapa. Wenzangu wanaamini ni mzee mwenyewe, wanataka kumfukuza Jumamosi mbele ya wote, na siku hiyohiyo toleo jipya linatoka kwenda kwenye simu za watu. Mwenye uwezo wa kufunga akaunti ni mimi, nami sijafunga mpaka leo, maana kumfungia baba mkwe mlango naona ni kujitafutia laana, wakiniuliza nawajibu nalishughulikia. Nikiwaambia alikuwa zizini, mama mkwe atasema namchungulia mumewe. Lusungu nimempigia, amecheka mpaka salio langu likaisha. Nifanyeje?

Mkwe Mwoga, Lufingo

*

Marahaba, Mkwe. Kabla hujaendelea kunisikiliza, inuka ukaifunge hiyo akaunti. Nasubiri.

Umefunga? Haya. Pole, na pole yenyewe iishie hapo, maana umeniudhi. Mwizi yuko ndani, wewe umesimama mlangoni unamwonea haya mwenye nyumba. Hujamfungia baba mkwe. Aliyekuwa ndani si yeye, umesema mwenyewe. Ni heshima gani hiyo ya kumwachia mtu usiyemjua ashinde na jina la mzee wako?

Waambie wenzako leo, si Jumamosi, kila mmoja abadilishe nywila, wewe ukiwemo, kwa sababu mwizi aliyeachiwa muda hakai chumba kimoja. Seva izimwe. Msifute kile kitu mlichokiona mkadhani mmemaliza; rudisheni nakala ya kabla hajaingia, na toleo jipya lisitoke. Halafu waandikieni watu wa vituo vya maziwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Atatokea mmoja wenu atakayetaka kuandika "hitilafu ndogo". Mkatalieni.

La zizini liandike pia: mwenye akaunti alikuwa anakamua, nilimwona. Jina si lazima. Mama mkwe akikuuliza ulimwonaje, mwambie mtu anayetakiwa kumkwepa mwenzake kila siku lazima ajue alipo. Yeye naye alikuwa mkwe wa watu, atakuelewa, hata kama atanuna kidogo. Na Lusungu akimaliza kucheka apande gari aje nyumbani akae na baba yake, yeye anaruhusiwa.

Tena umeficha jina, halafu umetaja Lufingo, ng'ombe, na mwalimu mstaafu wa hesabu anayetengeneza programu. Wako wangapi huko? Akinisikia atajijua, basi namalizia na yeye.

Mwalimu, shikamoo. Wale hawakuwa wasimamizi wa kitu chochote, na familia zao hazikuhitaji salamu zako. Wamewanasa wengi, tena wasomi, usijitese. Lakini akaunti yako imefungwa, kwa hiyo chukua simu uwaandikie wenzako leo, kwa jina lako, kwamba nywila uliitoa wewe. Wanataka kukufukuza Jumamosi kwa jambo ambalo hukulifanya, na katika kundi zima anayelijua hilo ni mtu mmoja tu, naye uso kwa uso hawezi kukwambia. Mimi si mkwe wako, ndiyo maana nakwambia.