Kichwa cha Ndege wa Kiti cha Arusi

Dumyat, Jumapili, 18 Aprili 1993

Kaka yangu mpenzi Wagdi,

Nakusalimu kwa wingi wa salamu, nikitumaini huko Kuwait mko wazima, wewe na wifi Ilham. Sisi hatujambo. Kifua cha Baba kimetulia. Ulimi wake ndio bado.

Kubwa la kukuarifu ni kwamba karakana yetu ya chini ya nyumba sasa ina kompresa, mashine ya kushindilia hewa. Mtungi wa hewa nimeuweka chini ya ngazi, na mabomba nimeyafunga ukutani kwa mikono yangu, yakiinama kidogo kuelekea kwenye koki. Baba aliketi akinitania: "Wenzako wanachonga viti, wewe unafungia upepo mabomba! Tena yamekwenda upande, au ni macho yangu?" Nikamweleza kwamba hewa ikishindiliwa hutoa maji, na maji yakiingia kwenye vanishi huacha madoa, kwa hiyo lazima yapate pa kuteremkia. Akacheka mpaka akakohoa. "Maji ya upepo! Haya, naleta ndoo."

Nilipowasha, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta panapovuja. Kiungo kimoja kikavimbisha povu polepole, kama kitu kinachopumua. Nikakaza, likatulia. Alasiri nikafungua koki, maji yakatoka kweli. Baba akayakinga kwa kiganja, akayatazama sana. "Subhana Llah," akasema. "Siku zote hizi tunavuta maji, Nagwa?" Hakutania tena siku ile.

Kesho yake akaniambia nikipulize kiti cha arusi alichomchongea marehemu Mama. Vumbi likafumuka kama moshi, na humo zikatokea nakshi zake: mashada ya zabibu, majani yenye mishipa, nyuki ambao hata yeye alikuwa amewasahau. Akawa anaita, "Huyu! Na huyu hapa!" kama anayepokea wageni. Nami mwili ulinisisimka, Wagdi. Hewa tupu, isiyoonekana, inamrudishia mzee ujana wake.

Mara kikadondoka sakafuni kichwa cha yule ndege wa kuchongwa wa upande wa kushoto. Kile ambacho kwa ajili yake Baba alikufukuza karakanani ukiwa na miaka kumi na minne, akisema umekivunja ukakitupa.

Nilikivunja mimi. Nilipanda kiti kucheza bi arusi, nikakishika kichwa kile, kikabaki mkononi. Nikakisokomeza kwenye upenyo nyuma ya zabibu, nikanyamaza ulipochapwa, nikanyamaza ulipoondoka. Juzi nilijua kilipo. Ningeweza kuukwepa upenyo ule. Nilielekeza hewa palepale.

Nilimwambia Baba yote. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kile kiti, asichowahi kumruhusu mtu kukikalia, akakigeuzageuza kichwa kile mpaka mtungi ukaisha hewa. Kisha akasema, "Mwandikie. Mwambie nilimwonea." Nilipotaka kukigandisha kwa gundi, akakitia mfukoni. "Hii ni kazi ya Wagdi," akasema.

Usiponijibu, sitakulaumu. Baba anakusalimu, na majirani wa ghorofa ya juu. Mpe wifi mkono wangu.

Mdogo wako,
Nagwa