Farasi Alipolala Kijitoni

Bunju, Jumapili

Dada Naomi,

Shikamoo. Sie walimu tumepiga kambi msituni kwenye mahema manne na choo cha makuti. Asubuhi tunatembea vijiani, na mwenye shamba jirani ametuazima farasi wawili.

Unamkumbuka Mwalimu Elisha, aliyeniomba tuoane, mie nikasita kwa kuwa sijawahi kumwona akicheka? Leo alipanda farasi na tai yake shingoni, amekaa wima kama yuko mbele ya mkaguzi wa shule. Tulipofika kijitoni, farasi joto likamzidi, akajilaza majini pamoja naye. Nilipiga yowe. Elisha akaibuka na matope mpaka masikioni, akacheka mpaka akashindwa kusimama. Ana kicheko chembamba kama cha mtoto, dada.

Nikamshika mkono kumvuta. Akaniuliza, “Bado unafikiri, Rehema?”

“Nimemaliza,” nikamwambia. “Nimekubali.”

Mwambie Baba polepole, akishakula. Wabusu watoto mmoja mmoja, na wewe ukumbatiwe na mdogo wako mwenye furaha isiyoenea kwenye kadi hii ya posta,

Rehema