Makosa ya Mjomba Yaliyofufuka

Duka la Kuchapa na Fotokopi,
Mlango wa pili baada ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 14, mchana.

Mpendwa binamu yangu Mwembamba,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na za ziada kutoka kwangu. U hali gani huko? Baridi imekuachia vidole? Na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea kwenye simu, kimekwisha au bado unakifuga? Nijibu ukweli, maana shangazi yako ananihoji mimi kana kwamba ndimi niliyekuletea.

Sisi ni wazima. Mama, yaani huyo huyo shangazi yako, goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujambo kabisa. Mimi niko na duka langu. Mashine kubwa ya fotokopi imepata tabia ya kumeza karatasi, na jina la Binti Wino bado linanistahili, maana hata sasa nina weusi mpaka kwenye viwiko. Jina lako wewe sijui kama bado linakufaa. Picha uliyotuma mara ya mwisho ilinitia wasiwasi, mashavu yale si ya mtu mwembamba.

Usicheke kwamba nakuandikia kwa karatasi na simu ipo. Ndani ya kifurushi hiki kuna kitabu cha baba yako. Tafadhali usikifungue bado, soma barua kwanza. Nataka ujue kilivyozaliwa, kwa sababu tulikaribia kumpoteza Mjomba, wala hakuwa mgonjwa.

Unalijua lile jukwaa la mafundi wa vyerehani kwenye mtandao, maana wewe ndiye uliyemwandikisha kabla hujasafiri. Baada ya upasuaji wa koo, sauti yake ilipokataa kurudi, sisi tulilia na yeye akahamia huko. Karakana yake ya kutengeneza vyerehani aliiendesha kwa kibao cheupe kilichoning'inia shingoni, anaandika bei, anafuta, anaandika siku ya kuchukua mzigo. Lakini mazungumzo yenyewe, ubishi, utani na mafundisho, yote aliyapeleka jukwaani. Mtaani alikuwa bubu, kule alikuwa Mwalimu Bobini, kwa jina la kile kigurudumu cha uzi kinachokaa tumboni mwa cherehani, na watu wa nchi asizozijua walimwamkia asubuhi kabla hawajafungua maduka yao.

Mwezi juzi wenye jukwaa wakatangaza kwamba wanalifunga, na kila kilichoandikwa humo kitafutwa. Baba yako alisoma tangazo, akafunga kompyuta, kisha akafunga na karakana. Akawa anashinda kwenye kiti karibu na dirisha. Kibao alikitundika msumarini. Ukimwuliza anataka chai, anatikisa kichwa. Ukimwuliza kama anaumwa, anatikisa vile vile. Binamu, niliogopa. Mtu asiye na sauti akiacha na kuandika, amebaki na nini?

Mama alivumilia wiki moja, na kwa mama hiyo ni rekodi. Akaja dukani kwangu mbele ya wateja.

"Kaka yangu anajizika mzima mzima, na wewe una mashine ya kuchapa hapo! Kazi yake nini, kuanikia matambara?"

Nikamwendea Mjomba, nikamwambia nitayatoa maandishi yake yote jukwaani na kuyafanya kitabu. Kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile alikinyanyua kibao, akaandika: "Karatasi haisahihishiki." Nilimwelewa. Jukwaani akikosea alikuwa anarudi na kurekebisha. Kitabu kikishatoka, kosa lako linatembea mjini bila wewe. Nikambembeleza mpaka akapunga mkono kama anayefukuza nzi, nami nikauchukua mkono huo kuwa ruhusa.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana najua wewe kompyuta unaitumia kutazama mpira tu. Ukisoma jukwaani, maandishi yamevaa vizuri: neno hili limekoza wino, lile ni jekundu, swali la mtu limo ndani ya kisanduku chake. Ukiyachukua kutoka chini, pale yanapoandikiwa, unayakuta na nguo za ndani. Kila neno lililokozwa lina herufi ndani ya mabano ya mraba mbele yake, na mabano mengine nyuma ya kulifungia. Rangi ina mabano yake, picha ina yake, swali lililonukuliwa lina yake. Ukurasa mmoja wa Mjomba ulionekana kama ua wa seng'enge.

Mimi ni mtu wa haraka, unanijua. Nikaiambia kompyuta itafute kila mabano na kilichomo ndani yake, ifute. Ikafagia kurasa zote nikiwa bado napuliza chai. Maandishi yakabaki safi, nikayageuza kuwa PDF, yaani faili lisilobadilika sura. Ukilifungua kwa simu, au ukilipeleka kwa mchapaji wa huko kwako, kila mstari utaukuta pale pale nilipouweka mimi. Nikachapa nakala chache za majaribio, nikazigawa kwa mafundi cherehani wa mtaa wetu bila kumwonyesha Mjomba. Nilitaka asikie sifa kwanza. Haraka haraka haina baraka, na mimi baraka zangu zilifika kesho yake asubuhi.

Wa kwanza alikuwa Mama Pindo, yule mshonaji wa sare za wahudumu wa hoteli. Aliingia na nakala yangu mkono mmoja na kikasha cha bobini mkono wa pili.

"Binti Wino, mjomba wako ananitakia nini mimi?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Ameandika nikaze skrubu hii mpaka igome. Nimekaza mpaka imegoma. Sasa uzi unakatika kila nikigusa kanyagio, na kitambaa cha watu kimesinyaa kama uso wa kichanga!"

Kabla sijamjibu akaingia fundi wa mapazia, naye ananukia maandazi. Ametia cherehani chake mafuta ya kupikia, kwa sababu, alisema, Mwalimu ameandika kwa kinywa chake kwamba yeye hutumia ya kupikia na hajawahi kupata tatizo. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Kufika saa nne kulikuwa na vyerehani vimepangwa kando ya barabara kama wagonjwa wa zahanati, na wenyewe wamesimama wakitaka kumwona daktari.

Hakukuwa na la kufanya ila kumwita. Nilimkuta kwenye kiti chake, nikamwekea kile kitabu mapajani, nikasema, "Mjomba, nimekuharibia jina." Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Halafu akainuka, akachukua kibao msumarini, ufunguo wa karakana na bisibisi, akatoka kwa mwendo ambao sijauona kwake tangu enzi tukiwa tunakimbizwa naye kwa kuchezea bobini zake.

Alifungua karakana. Kutwa nzima alilegeza vilivyokazwa, akaosha mafuta ya maandazi kwa mafuta ya mashine, akakipima kila kikasha kwa kukining'iniza kwenye uzi wake na kukitikisa kidogo. Kikishuka taratibu, kimepona. Mimi nilikuwa nashika taa na kupokea lawama.

Jioni alipoweka bisibisi chini aliniandikia: "Mistari yangu iko wapi?"

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Baba yako ana desturi yake kule jukwaani. Akikosea, hafuti. Analipiga kosa mstari katikati, lisomeke lakini lijulikane limekufa, kisha pembeni anaandika lililo sahihi. Kule kukaza mpaka skrubu igome kulikuwa kosa lake la zamani, amelikata mwenyewe, akaandika mbele yake: legeza robo mzunguko, kisha pima. Mstari ule ulikuwa ni herufi moja tu ndani ya mabano, nami nikaifagia na wenzake. Na yale mafuta ya kupikia ni maneno ya fundi mmoja wa mbali ambayo Mjomba aliyanukuu ili amkaripie. Nilipoondoa kisanduku, Mjomba akawa anajitetea na kujikaripia mwenyewe katika aya moja.

"Nilidhani ni uchafu, Mjomba," nikasema.

Akaandika: "Makosa yangu niliyazika. Wewe umeyafufua." Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikamshika mkono. Kumbe anacheka! Binamu, alicheka mpaka kibao kikaanguka, bila sauti hata chembe, na Mama aliyekuja kunigombeza akajikuta anacheka naye bila kujua sababu.

Nilimwuliza kwa nini asiyafute tu makosa yake kama watu wengine. Jibu lake lilijaza kibao, akafuta, akaendelea. Fundi akificha alipopotea, alisema, mwanafunzi wake atapita njia ile ile na kupotea pale pale, tena atadhani yeye ndiye mjinga wa kwanza duniani.

Kesho yake alikuja dukani kwangu mwenyewe na kiti chake. Tukaanza upya, mabano kwa mabano. Hatukufagia tena, tulitafsiri. Neno lililokozwa likapata wino mzito. Kosa likapata mstari wake. Swali la kila fundi likapata kisanduku na jina la mwenyewe juu, ili kila mtu abebe mafuta yake. Nyekundu ilitusumbua, kwa kuwa mashine yangu ni ya weusi tu, basi kila onyo jekundu tumelizungushia fremu nene. Picha zilikuwa viungo vya kubonyeza, na karatasi haibonyezeki, hivyo ilibidi nizishushe zote moja moja kabla mlango haujafungwa na kuzipanga mahali pake. Vile vikatuni vya nyuso zinazocheka nilitaka kuviacha. Mwenye kitabu alinitazama jicho moja tu, nikavirudisha.

Tuligombana sana, na sijui kama umewahi kugombana na mtu anayeandika hasira zake kwa mwandiko mzuri vile. Kila siku Mama alituletea chakula na kutuamua. Tumekibana kitabu kwa waya wa mzunguko ili kilale wazi mezani, mikono ya fundi ibaki na kitambaa, na pembeni mwa kila ukurasa nimeacha nafasi pana ya kuandika. Nafasi hiyo ndiyo iliyomlainisha Mjomba kuhusu karatasi. Alipima upana wake kwa tepu ya kushonea, akaridhika.

Faili tuliliweka jukwaani kabla halijafungwa, kila mtu ajichukulie bure. Laiti ungeona! Mmoja alisema amelichapa na kulitundika ukutani juu ya cherehani chake. Mwingine alisema hana kompyuta, amelisoma lote kwa simu kwenye foleni ya benki, na halikuvurugika hata mstari. Yule fundi wa mbali wa mafuta ya kupikia naye alishukuru, akasema mkewe amekata kisanduku chake na kukibandika jikoni.

Siku ya mwisho tulikaa mbele ya kompyuta ya dukani, Mjomba, Mama na mimi. Mjomba aliendelea kuwajibu watu wake mmoja mmoja mpaka mchana, kisha akabonyeza kutuma na ukurasa haukwenda. Akabonyeza tena. Palibaki peupe tu. Niliona vidole vyake vimebaki juu ya vitufe bila kazi, nikaumia sana moyoni, nikafikiri yote tuliyofanya ni bure na sasa atarudi kwenye kile kiti chake cha dirishani.

Nikampa nakala ya kwanza ya kitabu chenyewe, ambayo nilikuwa nimeimalizia asubuhi ile. Jalada nililipanga mwenyewe bila kumwuliza. Juu nimeandika jina la kitabu, na chini yake: "Kimeandikwa na Mwalimu Bobini, fundi mstaafu wa vyerehani." Alilisoma polepole. Akavuta kalamu kwenye mfuko wangu wa shati, akapiga mstari mmoja ulionyooka katikati ya neno "mstaafu", akanirudishia kalamu, akaenda kufungua karakana.

Nilimkimbilia nikamwambia nitalirekebisha kwenye faili, ni dakika moja tu. Alikataa katakata. Kila nakala tunayochapa anaikata mwenyewe kwa mkono, na nakala yako aliikata jana. Sasa fungua kitabu.

Mama anakusalimu na anasema kikohozi hakitibiwi kwa ujeuri. Mama Pindo anakusalimu, uzi wake haukatiki tena. Mafundi wote wa mtaa wanakuulizia. Baba yako ana wateja mlangoni, lakini nimemshikia karatasi hii naye ameandika hapo pembeni, mwandiko huo unaujua. Nisalimie mkeo, na umwambie nguo zako azipanue tu, asione haya.

Mungu akulinde katika kazi na safari zako, akurudishe kwetu salama ungali mwembamba au la.

Ni mimi, binamu yako nikupendaye kwa moyo wote,

Binti Wino