Jibu la Posa ya Bwana Munir

Machui, Unguja
Mwezi wa Juni

Mdogo wangu mpenzi Kazija,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote naliuliza goti lako: limekubali kupanda zile ngazi za nyumba yenu ya Mkunazini, au bado unapanda huku unazilaani? Mafuta ya karafuu niliyokuletea unayatumia, au umeyapanga kabatini yawe pambo? Watoto nao nawauliza hali, na shemeji Anwar pia, ijapokuwa yeye nna maneno naye na utayakuta huko mbele. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na asubuhi nnatoka na shali mabegani nikiyaangalia matuta yangu yanavyofuka mvuke jua likianza kuyapiga. Bamia zinachanua, mrihani unanukia mpaka barazani, na tungule zimezaa hata mashina yameinama.

Nimeandika kwa kalamu kwa makusudi. Nikikupigia simu unaiweka sauti juu, nyumba nzima inasikia, na haya ni yako peke yako. Barua atakuletea Pandu, anayenichukulia mboga kupeleka Darajani. Isome chumbani, mlango umefungwa.

Habari ya posa nimeipata. Umenambia kuwa jirani yangu mpya, Bwana Munir, amekwenda kwa mumeo kunitaka. Kwamba ni mtu mzima mwenye heshima zake, amefiwa na mke, amestaafu, ana nyumba kubwa, na juu ya yote ni mpenda bustani kama mimi. Ukaongeza kuwa Anwar ameshampa neno, nimebaki mimi tu kuitikia. Nilicheka mpaka kuku wakakimbia uwani. Sasa kaa kitako nikueleze huyo mpenda bustani ni mtu wa namna gani, kwa kuwa nyinyi mmemwona siku moja na kanzu iliyopigwa pasi, mimi nimemwona kwa vuli, kwa kaskazi na kwa masika.

Alihamia vuli ilipokuwa imeshika. Wewe unaijua ardhi ya huku wakati ule, laini kama unga ulioshikana na maji. Mtu mwenye akili hupanda. Yeye akajenga ukuta. Alipomaliza ukuta akaleta lori la nyasi. Nyasi, Kazija! Hapa Machui, ambapo Mwenyezi Mungu anatuoteshea nyasi bure mpaka kizingitini na kazi yetu ya mwaka mzima ni kuzing'oa, yeye alileta nyasi za kununua, zimekunjwa kama mikeka ya msikitini. Akazitandaza, akavaa kofia ya ukindu yenye kamba kidevuni na mabuti ya mpira yasiyojua tope, akasimama katikati akajipiga picha.

Ikaingia kaskazi. Jua la kaskazi huku si la mchezo; mimi wakati huo naipumzisha ardhi, nayafunika matuta kwa makumbi na majani makavu ya migomba, nakusanya mbegu, na alasiri nakaa barazani nikipunga upepo na kula shokishoki. Ndiyo msimu wangu wa uvivu na naupenda kwa uvivu wake. Bwana Munir alichagua wakati huo kupanda saladi na mawaridi. Mchana kweupe! Yalipoanza kunyauka akayawekea miavuli, mwavuli mmoja kila shina, ukapita barabarani ungedhani watu wamechutama wanafanya kikao. Yakafa yote chini ya miavuli yao. Akanijia kunambia kwamba mbegu za siku hizi ni mbovu.

Na hilo si kitu mbele ya habari ya kumwagilia. Ana programu kwenye simu inayomwambia saa ya kutia maji. Siku moja ya Aprili mvua inanyesha ile ya kutoona mlango wa jirani, natupa macho kwake namwona kasimama, mkono huu mwavuli, mkono huu mpira wa maji, anamwagilia. Nikamwita, "Bwana Munir, kuna nini?" Akaitika, "Naam, Bi Tahiya! Saa kumi imefika." Mtu huyo ndiye mnayetaka aniongoze.

Lakini huo ni upumbavu usiomdhuru mtu, na upumbavu wa namna hiyo mimi nausamehe. Sikiliza la ukuta. Unakumbuka ule mtaro aliouchimba marehemu baba, unaotoa maji ya mlimani na kuyapeleka bondeni? Unapita kwangu kisha unapita kwake. Alipokuwa akijenga nilimwendea na khanga yangu kichwani, nikamwambia kwa adabu kuwa pale hupita maji, aache tundu. Akanijibu kwamba fundi wake amesoma. Nikarudi kwenye matuta yangu.

Masika yalipokaza, maji yakashuka, yakaukuta ukuta wa fundi aliyesoma, yakarudi kwangu. Kitalu chote cha miche nilichokiatika kwa mkono wangu kikaelea. Mchicha wa matuta ya chini ukafunikwa. Nikenda kwake nimelowa mpaka mfupani, nikapiga hodi, akatoka ukumbini na mwavuli ule ule. Nikamwomba auvunje ukuta pale kwenye mtaro kabla maji hayajafika kwenye tungule. Akanambia fundi ataitwa mvua ikikatika. Mvua ikikatika! Nikamwambia mvua ikikatika sitakuwa na haja na fundi wala na yeye.

Nikarudi, nikatoa mtaimbo stoo, nikaanza kuupiga. Akaja mbio upande wa pili. "Bi Tahiya, huo ukuta wa watu!" Nikamjibu, "Na haya maji ya Mungu, Bwana Munir, nayo yamekuja hapa kabla yako." Nikapiga mpaka tofali la kwanza likaanguka, na yaliyobaki maji yenyewe yakayamalizia. Yakaingia kwake kama yaliyoalikwa. Zile nyasi zake yalizifunua moja moja, yakazikunja vile vile zilivyokuja, yakazipeleka bondeni kwenye mpunga wa watu. Nilisimama nashika kiuno nimechoka, na yeye kasimama ananitazama mimi, hazitazami nyasi. Nilidhani ni hasira. Nilingoja aende kwa sheha kunishitaki, hakwenda. Nilingoja alizibe lile tundu, hakuliziba. Nikasema kumbe ana haya kidogo.

Haya gani! Juzi juzi nilikwenda mazishini Kizimbani, nikashinda huko. Kurudi nakuta nyayo za viatu baina ya matuta yangu, bamia zimepotolewa badala ya kukatwa, na tungule zilizoiva zimechumwa. Nikasema ni kima. Usiku wake wewe mwenyewe ukanirushia ile picha: Anwar kasimama na wenzake wawili, mkononi tungule, anacheka, na chini umeandika, "Tazama bustani ya Bwana Munir, mashaallah." Kazija, ile ndoo nyekundu yenye ufa nyuma ya mguu wa Anwar ni ndoo yangu. Zile ni bamia zangu. Bwana Munir aliwaalika wageni kutoka mjini, na kwake hakuna hata jani, akawapitisha kwenye tundu nililolivunja mimi, akawatembeza kwangu akisema ni upande wake wa mboga. Na mumeo, ambaye hajakanyaga hapa tangu mume wangu Hamad afariki, wakati huo hapa ni kichaka kitupu, akala tungule zangu, akamsifu mwanamume mwingine mkono wake mzuri, akaona mtu wa namna hii ndiye wa kumwoza shemeji yake. Hakuuliza hata mimi naishi nyumba ipi. Sijui nimcheke nani kwanza.

Posa ilipokuja nikataka kumjibu mwenyewe usoni, lakini akanitangulia. Alikuja alasiri, bila ya kofia, akakaa ncha ya baraza. Nikamuuliza habari ya picha bila ya kuzunguka. Akainamisha kichwa, akasema, "Niliona haya, Bi Tahiya. Watu wameshafika, nami nilishawasimulia mengi." Nikamwambia mwizi wa bamia ni bora kuliko yeye, kwa kuwa mwizi anaiba kwa njaa. Hakujitetea. Akasema, "Nyumba ile ni kubwa. Asubuhi nikisikia ndoo yako kisimani ndiyo nnajua kumekucha. Siku ile unauvunja ukuta nilisema moyoni, laiti huyu angekuwa upande wangu." Halafu akaniuliza, "Wewe huoni upweke?"

Nikamtilia kahawa. Akanywa, akaaga, akapita njia ya barabarani, siyo ya tunduni. Hilo nalo niliona.

Tangu siku hiyo swali lake limenikaa, na leo nakujibu wewe, kwa kuwa yeye si wa kumwambia. Hili sijamwambia mtu, hata Ahmada mwanangu, na ukilisoma usinipigie simu unalia.

Tangu Hamad afariki sijaona upweke hata siku moja. Yeye nilimlilia, na Mungu anajua nilimlilia kwa kweli. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakunitukana, hakunilaza njaa. Lakini maisha yangu yote na yeye niliishi kwa saa yake. Akitaka chai, saa ya chai. Akitaka kimya, nyumba nzima kimya. Kule mjini, nyumbani kwetu Malindi, nilikuwa na makopo ya mrihani dirishani, akasema yanaleta mbu, nikayatoa. Hakupenda kuona udongo kwenye kucha zangu. Nilikuwa nikizisugua kwa limau kabla ya kumwandalia, na mpaka leo harufu ya limau ikinipata ghafla moyo unanishituka. Hayo si makosa ya kumshitaki mtu. Ndiyo maana sikupata kuyasema.

Nilipomaliza eda nikahamia huku, watu wakasema maskini, kaenda kujizika shamba. Yakaja masika ya kwanza. Asubuhi moja mvua ilianza kunyesha wakati nipo katikati ya matuta niliyokuwa ndiyo kwanza nimeyalima, na mguu ukataka kwenda ndani, kama ulivyozoea. Nikausimamisha. Nikauliza, nakimbilia kwa nani? Nikabaki pale nikalowa, udongo umenifika magotini, na nikacheka. Nilicheka kwa sauti, Kazija, mume wangu kaburini. Nilijiogopa. Niliingia ndani nikasali nikamwomba Mungu anisamehe, na kesho yake mvua iliponyesha nikatoka tena.

Tangu hapo kila msimu unanikuta nnaungoja. Najijua mimi ni nani wakati wa vuli, na nani wakati wa kipupwe. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa Hamad mwaka mzima. Sasa wanipe mwanamume mwingine mwenye saa yake kwenye simu? Hata angekuwa mkulima hodari wa kisiwa hiki kizima, hata angekuwa hajanivunjia adabu kwa lolote, ningesema hili hili. Yeye kanirahisishia tu kulisema.

Basi jibu langu ni la. Bwana Munir nitamwambia mwenyewe, kwa upole, nyinyi msimcheke. Mtu aliyeuliza vile hachekwi, na jirani atabaki jirani. Lakini Anwar mwambie bila ya upole. Mwambie mjane haozwi kwa kauli ya shemeji, tena shemeji asiyejua ndoo ya mtu na mtu. Neno alilitoa yeye, alirudishe yeye. Na akisema anaona haya kulirudisha, basi aolewe yeye.

Wewe njoo. Goti likikuruhusu, njoo kipupwe hiki, peke yako, ulale hapa hata wiki. Sitakufanyisha kazi, utakaa barazani nikukatie papai, na asubuhi utaamka saa utakayoamka, hakuna atakayeuliza chai. Hujawahi kulala hivyo tangu uolewe, na mimi nnajua, ijapokuwa hukuwahi kunambia.

Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Anwar naye mpe salamu zangu, baada ya jibu, siyo kabla.

Dada yako akupendaye,
Tahiya binti Ubwa